Mpangaji Asiyelipa Kodi: Vyumba Saba vya Msongo Mwilini Mwako

Kodi ya nyumba, ada za watoto, bosi anayepiga simu saa tatu usiku. Ukiulizwa hali, unajibu, "Niko salama." Mwili nao una jibu lake, na wenyewe hausemi uongo. Haya, tuhesabu kutoka saba hadi moja, tumsake huyu mpangaji chumba kwa chumba.

7. Taya
Umelibana sasa hivi, sivyo? Achia. Mtu akitulia, midomo hufungwa lakini meno ya juu na ya chini huachana. Mwenye msongo hubana hata usingizini, akasaga meno mpaka wa kitanda cha pili anaamka. Nyumbani watasema ana minyoo. Jamani, minyoo wana dhambi zao, hii wanasingiziwa.

6. Shingo
Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, uti wa mgongo unakibeba. Kikitangulia mbele kusubiri ujumbe wa "umepokea", misuli ya kisogoni ndiyo inayokishikilia kisidondoke. Pesa haiji haraka kwa kuinamiwa. Inua simu ifike usawa wa macho.

5. Tumbo
"Huyu mtoto atanitia vidonda vya tumbo!" Mtoto aachiwe huru. Waaustralia wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Wenzao walibisha, basi mwaka 1984 Marshall akawanywa bakteria hao makusudi, tumbo likavimba kwa ndani, akatapika. Mwaka 2005 wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Mshtakiwa wa pili ni dawa za maumivu kama diklofenaki, na hapo ndipo msongo unapopitia mlango wa nyuma: unakaza mgongo, mgongo unauma, unameza vidonge wiki baada ya wiki, vidonge vinachuna tumbo. Tena mwili ukiwa na hofu hupeleka damu kwenye misuli na kuliacha tumbo lisubiri zamu. Ndiyo maana ugali wa siku ya mtihani haushuki.

4. Mabega
Mtu akishtuka, mabega hupanda kuikinga shingo. Mshtuko ukipita, yanashuka. Sasa wewe umeshtuka tangu Januari! Daktari Mmarekani Edmund Jacobson alieleza dawa yake katika kitabu cha mwaka 1929: kaza msuli kwa makusudi, kisha uuachie, mpaka uijue tofauti. Pandisha mabega hadi masikioni, hesabu tano, yaangushe. Bosi akikuona atadhani unasema "sijui". Mwache adhani.

3. Kiuno
Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Kwa hiyo hukurogwa. Mchawi gani ana muda huo? Kwa wengi, picha ya eksirei haionyeshi kilichovunjika. Msongo hukaza misuli na kuiba usingizi, na asiyelala huhisi maumivu kwa ukali zaidi. Kujilaza siku nzima hakusaidii, kutembea kunasaidia. Lakini miguu ikilegea, ganzi ikishika sehemu za siri, au mkojo ukakataa kutii, utani umekwisha: hospitali, leo hii.

2. Mgongo mzima
Hapa nina ugomvi na wale wanaosema "Kaa wima!" kila wakimwona mtu amepinda. Mara nyingi aliyepinda amelemewa, na mashahidi wangu ni nyani. Mtafiti Mmarekani Robert Sapolsky alianza kuwachunguza huko Maasai Mara mwishoni mwa miaka ya 1970. Kundi likiwa limetulia, nyani wa daraja la chini, wale wanaoonewa na kunyang'anywa chakula, ndio waliokutwa na kortisoli nyingi, homoni ya msongo inayotoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo. Homoni hiyo humfaa sana pundamilia: simba anatokea, mbio zinapigwa, akinusurika anarudi kwenye majani yake. Mwenye nyumba wako hatokei mara moja akaisha. Anakuja kila mwezi. Mama lishe aliyeinamia jiko tangu alfajiri huku akiwaza marejesho ya kikoba hakosi somo la kukaa vizuri. Amekosa nafuu ya deni, mkono wa pili, na jiko lililoinuliwa likafika kiunoni. Kama unampenda, mtengenezee hilo jiko kwanza. Kumkosoa kutasubiri.

1. Pumzi
Inashika namba moja kwa sababu unaweza kuirekebisha hata ukiwa umesimama ndani ya daladala ya Mbagala. Mwenye msongo hupumulia juu juu, kifuani, na misuli ya shingo inafanya kazi ya kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Shingo inalipwa maumivu kwa kazi isiyo yake! Moyo hupunguza kasi kidogo kila unapotoa pumzi, basi toa kwa muda mrefu kuliko unavyovuta: vuta kwa hesabu ya nne, toa kwa hesabu ya sita. Weka mkono tumboni, uinuke kabla ya kifua. Dakika tano zinatosha kuanzia. Kondakta akikuambia usogee nyuma, sogea, ila usipoteze hesabu.