Namna ya Kuzika Ujuzi wa Kampuni kwa Heshima Zote
Bwana Mkurugenzi, kampuni yako inanunua kahawa, ina makao Gitega na tawi Muyinga, na mfadhili ameshalipia mtandao wa ndani. Hongera. Kazi iliyobaki ni kuhakikisha hakuna anayejifunza kitu humo.

Anza na uzinduzi: fanta, hotuba, picha. Picha hiyo iwe habari ya kwanza mtandaoni na, ukijitahidi, ya mwisho. Nywila wape wakuu wa idara tu. Mtu wa stoo akiipata ataanza kuandika mambo yenye faida.

Waraka uitwe "Ripoti mpya", unaofuata "Ripoti mpya ya mwisho", kisha "Ya mwisho kabisa". Mwaka 2025 Burundi ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, Muyinga ikaingia Buhumuza. Usiguse kitu. Folda ya "Mkoa wa Muyinga" ibaki palepale, na ya Buhumuza ifunguliwe kando yake, tupu. Maelekezo yote yawe kwa Kifaransa kizito. Wapokea kahawa wanaelewana kwa Kirundi na Kiswahili, lakini nani kawaambia wasome?

Hatari kubwa ni mzee wa stoo. Huyu hutia mkono guniani, huchota punje, huibambua ganda, huiuma. Ikibonyea, gunia linarudi juani, ikigoma, anapokea. Kipimo cha unyevu huja nyuma yake kuthibitisha asilimia 11 au 12. Wajapani Nonaka na Takeuchi waliandika kitabu mwaka 1995 kuhusu ujuzi kama huu, usiokaa kwenye karatasi, na jinsi ya kuusambaza kwa wengine. Kinunue, piga picha jalada lake, iweke mtandaoni. Ila asitokee kijana akamrekodi mzee kwa simu dakika tatu akiuma kahawa! Wageni wa msimu ujao wangeijua kazi mapema, na mzee angestaafu bila kusumbuliwa.

Na kusumbuliwa huko ndiko mtandao wenyewe. Gitega inauliza kwenye kundi la WhatsApp. Muyinga inajibu kwa sauti, katikati ya salamu za Idi na picha za harusi, kisha mtu anafuta yote kwa sababu simu imejaa. Umeme ukikatika, yupo dereva. Anajua bei, madeni na nani anahamishwa, hana nywila, na hajawahi kuisahau.

Mfadhili akija kukagua, mwonyeshe idadi ya waliofungua mtandao. Ni kubwa kweli. Wote walikuwa wanatafuta fomu ya likizo, na haimo.