Msibani Hatupeani Heri

Msyuuu! Acheni kwanza hiyo drafti, kete hazikimbii. Ijumaa Kuu, hata chai sijanywa, simu inalia: "Heri ya Ijumaa Kuu, wewe na familia yako." Chini yake maua yanametameta, na njiwa wawili. Heri ya nini? Mtu katundikwa msalabani, mama yake kasimama pale chini anamtazama, wewe unaniletea maua!

Ile siku ni msiba, jamani. Na msiba sisi hatufundishwi. Ukikaribia nyumba yenye turubai unashusha sauti, unavua viatu, unasema "poleni," unatafuta pa kukaa mkekani.

Ingia kanisa Katoliki siku ile saa tisa alasiri. Altare imevuliwa vitambaa, haina hata mshumaa. Tabernakulo mlango wazi, ndani hamna kitu. Kengele kimya. Padri anaingia bila wimbo, akifika mbele anajilaza kifudifudi sakafuni, mzee wa mvi namna ile, na watu wote wamepiga magoti; mtoto akikohoa nyuma kabisa unamsikia. Misa haiadhimishwi. Mnabusu msalaba, mnakomunika, mnatawanyika kimya kimya. Mimi ile altare tupu ndiyo hunimaliza kila mwaka. Nyumba ileile, mwenyewe hayupo.

Sasa tutazame sisi. "Leo sigusi nyama," anasema mtu, halafu anaagiza sato mzima wa kukaanga, ndizi, kachumbari, pilipili pembeni na soda mbili baridi. Sawa, samaki si nyama, hapo hajakosea. Lakini na kufunga je? Kwa Wakatoliki, wa miaka 18 mpaka 59 ana mlo mmoja wa kushiba, na vingine viwili vidogo ambavyo hata ukivijumlisha havifikii huo mmoja. Yule sato peke yake alikuwa milo mitatu! Njaa ya siku ile ndiyo kukaa matanga kwenyewe, wewe unaizika kwa ndizi.

Hata muuza kahawa wetu, Mwislamu swala tano, alitushangaa. Anamimina, anatutazama: "Kwani leo si ndiyo siku mnayosema Yesu kafa? Mbona mmechangamka hivi?" Kila mtu akainamia kikombe chake.

Basi mwakani niandikieni "pole." Maua nileteeni Jumapili.