Dumu la Maziwa na Mechi Saba

Katika maisha yangu nimeshinda mechi saba mfululizo mara moja tu, na siku hiyohiyo maziwa ya mama yaliganda. Mambo hayo mawili yana uhusiano, ingawa nyumbani niliukana kwa wiki mbili nzima.

Kwetu ni Kinyala, wilayani Rungwe, ambako mvua haiulizi msimu. Upande wetu wa Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na nusu yake, kwa hesabu zangu za utotoni, ilininyeshea mimi nikiwa njiani na dumu la lita 5. Kila nyumba yenye ng'ombe wa maziwa ina mtoto wa kupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia. Kwetu mtoto huyo alikuwa mimi, maana dada zangu walikuwa na kipaji cha kuugua alfajiri na kupona saa nne. Na njiani, baada tu ya migomba kuisha na kabla ya kufika kituoni, palikuwa na banda la gemu.

Nalieleza vizuri banda hilo kwa sababu watu wa siku hizi wakisikia gemu wanaona sofa. Lilikuwa la mbao za mlingoti zilizopigiliwa bila kuranda, bati juu, udongo chini, mabenchi mawili, na TV ya chogo iliyofunikwa nailoni juu kwa ajili ya matone. Chini ya TV ilikaa PlayStation 2. Sony wameuza zaidi ya milioni 150 za mashine hiyo duniani, na sidhani kama kuna iliyokula vumbi, moshi na maganda ya karanga kama ile yetu. Pedi zilikuwa mbili: moja nzima, na nyingine ya mgeni. Ya mgeni mshale wake wa kushoto ulikuwa umezama, kwa hiyo mgeni alishambulia upande mmoja tu.

Sheria zilikuwa chache. Mechi moja shilingi mia. Aliyefungwa analipa na kuinuka, mshindi anakaa. Watazamaji hawalipi ila wanaruhusiwa kukutukana. Mvua ikizidi sauti ya bati, anayefunga lazima apige kelele mwenyewe ili mwenye banda ajue.

Gemu ilikuwa "Wining". Wengine huiita Pro Evolution Soccer, lakini sisi sidii yetu ilitoka Japani, kwa njia ambayo hakuna aliyeifuatilia, na huko Konami waliiita Winning Eleven. Kila kitu kiliandikwa Kijapani. Hatukusoma menyu, tuliikariri kama njia ya kwenda kisimani: shuka mara mbili, duara, shuka mara moja, duara, sasa usiguse. Mtoto wa darasa la pili aliweza kubadilisha mfumo wa ulinzi kwa maandishi ambayo mwalimu wake wa Kiswahili hakujua yanaanzia kulia au kushoto. Mtangazaji naye alikuwa Mjapani. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba anaitwa Jon Kabira. Wakati ule tulijua tu kwamba mpira ukikaribia goli sauti yake inapanda, nasi tuliipenda hadi tukaihamishia malishoni. Ng'ombe wetu walizoea kuswagwa kwa Kijapani.

Halafu ikaja ile ya 2006, yenye Adriano wa Inter. Aliyecheza anajua, na asiyecheza nitamweleza kwa kifupi: kwenye kipengele cha nguvu ya shuti aliandikiwa 99, na namba haziendi mbele ya hapo. Ukimpa mpira akiwa mita thelathini kutoka golini, ukashikilia kitufe, kipa alikuwa na kazi ya kuuokota wavuni tu. Mwenye banda, mtu wa haki lakini mfanyabiashara, aliamua kwamba anayechagua Inter atalipa shilingi hamsini ya ziada hata akishinda. Asubuhi ile nilikuwa nayo hamsini. Ilikuwa ya chumvi.

Nilinuia mechi moja. Dumu nililiweka pembeni mwa stabilaiza, pale ambapo sote tuligombea kuota joto, maana mwezi wa saba kwetu vidole hukakamaa hadi huwezi kutoa pasi. Nikashinda. Sasa, ukishinda huondoki. Kuondoka na ushindi kuliitwa kukimbia, na jina la mkimbiaji lingekufuata hadi kipaimara. Nikashinda ya pili. Ya tatu niliomba kabisa nifungwe, lakini aliyekaa na pedi ya mgeni hakuweza kwenda kushoto, na lango langu lilikuwa huko. Ya nne, ya tano. Nyuma yangu watu waliongezeka, mvua ikaongezeka, mtu akaketi juu ya dumu langu ili aone vizuri. Mechi ya saba niliishinda tatu bila, nikainuka, umeme ukakatika. Nilitoka nje kama shujaa, saa tano na nusu, na maziwa ya saa kumi na mbili.

Kituoni mpimaji hakuwa mtu wa maneno. Alichota maziwa kidogo akatia kwenye kikombe kidogo cha kioo, akaongeza spiriti kiasi kilekile, akatikisa mara mbili, akakiinua kwenye mwanga wa mlango. Maziwa mazuri huteleza kwenye kioo yakaacha ukungu tu. Yangu yaliacha chembechembe nyeupe, kama semolina. Alinigeuzia kikombe nione mwenyewe, kisha akauliza kwa upole kabisa: "Kijana, haya umeyaleta kutoka kwa ng'ombe au umeyapitisha jikoni?"

Nyumbani mama alilitazama dumu likirudi limejaa.

"Gwe, kituo kimefungwa?"

"Hapana, mama. Barabara mbovu. Yametikisika."

Mama alifungua mfuniko, akachovya kidole, akaonja. Nilitegemea aseme yamechacha. Alisema, "Mbona yana joto?"

Sikuwa na jibu kwa sababu swali hilo sikulifanyia mazoezi. Siku hiyo na iliyofuata tulikula viazi kwa mgando, na dada zangu, ambao ghafla walikuwa wazima, walinitazama kila tonge. Ukweli ulitoka wiki mbili baadaye, Jumapili, nje ya kanisa. Mwenye banda, akiwa na suti yake na nia njema, alimpa mama mkono: "Hongera, mama. Mwanao alikaa mechi saba! Hajawahi kutokea pale kwangu." Mama alisema ndaga fijo, yaani asante sana, kwa sababu ni mtu wa adabu, kisha akanigeukia taratibu, sauti ikipanda kama ya yule Mjapani.

Huwa nawasikia wenzangu wakieleza gemu zilizowafungua macho: huyu alilia mwisho wa hadithi fulani, yule alishangaa kwamba kumbe gemu ni sanaa. Mimi banda lilinifundisha kwamba gemu haina mwisho wa hadithi. Huisha kwa umeme, au kwa mia kuisha, au kwa mama. Pia lilinifundisha kwamba mchezaji ni wa wote. Pedi umeshika wewe, lakini wanaocheza ni watu ishirini walioko nyuma yako, na wote wanajua kuliko wewe.

Ndiyo maana nilipofika chuoni Mbeya nilipata tabu. Kwanza, pale bwenini walikuwa na sidii ya Kiingereza. Nilikaa kwa kujiamini kama mtaalamu kutoka Rungwe, nikabonyeza duara kukubali, menyu ikarudi nyuma. Nikabonyeza tena, ikarudi zaidi, hadi nikafika mwanzo kabisa penye nembo ya Konami. Kwenye gemu za Kijapani za enzi hizo duara ilikuwa ndiyo na eksi ilikuwa hapana. Hawa wengine waligeuza. Mwenzangu aliniuliza kama nimewahi kushika pedi. Nikamwambia mimi nasoma Kijapani. Jina la Mjapani nilibaki nalo miaka mitatu.

Pili, nilipopata mashine yangu mwenyewe, ya mtumba, nikajifungia geto nicheze kwa raha bila zamu, nilishindwa. Nilifunga goli, kimya. Nilishinda mechi, na bila kufikiri nikageuka nyuma kumtafuta wa kulipa. Palikuwa na ndoo na viatu.

Jirani mmoja alinishauri niachane na mpira nijaribu Resident Evil 5. Hiyo Capcom waliitoa mwaka 2009, na imewekwa mahali pa kubuni panapoitwa Kijuju, Afrika. Shujaa wake, Chris Redfield, ni Mmarekani mwenye mikono mipana kama mihimili. Maadui ni wanakijiji waliopagawa, wanaitwa Majini, na wanazungumza Kiswahili. Kabla haijatoka ilishazua mjadala duniani, kwa sababu picha za mzungu akiwamiminia risasi Waafrika hazikuwafurahisha wengi. Mimi sikuwa nimeusikia mjadala huo. Nilichokutana nacho ni aibu ya aina nyingine: shujaa wangu haelewi neno hata moja, na mimi nawaelewa vizuri wanaotaka kuniua. Kila nikisikia wakiitana nyuma ya nyumba, nusu yangu ilitaka kukimbia, na nusu ilitaka kubisha hodi na kusalimia.

Nilipandisha sauti ili nifaidi. Ilikuwa saa sita usiku. Majirani wa uani wanasikia nini? Wanasikia kundi la wanaume wakipiga kelele kwa Kiswahili, mlango unavunjwa, shoka, kisha risasi. Mlango wangu uligongwa kweli, na kwa sekunde kadhaa sikujua ni wa ndani ya gemu au wa nje. Nilipofungua nilimkuta mama mwenye nyumba na mchi, nyuma yake mjumbe wa mtaa na tochi, nyuma ya mjumbe vijana wanne wenye rungu. Nikawaonyesha TV. Mjumbe alisimama akatazama muda mrefu kuliko uchunguzi ulivyohitaji. Mwishowe akauliza, "Na huyu mzungu, kibali cha kuingia kijijini alipewa na nani?" Vijana wanne wakaketi kitandani. Usiku ule nilicheza vizuri kuliko siku zote, maana nyuma yangu palikuwa na watu tena.

Mama yangu hakuwahi kuisamehe gemu hata moja, hadi nilipokwenda likizo na kompyuta mpakato iliyokuwa na Civilization IV. Ni gemu ya 2005, ya kujenga dola kwa miaka elfu kadhaa, na wimbo wake wa kufungulia unaitwa "Baba Yetu". Ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Aliutunga Christopher Tin, Mmarekani aliyewahi kukaa chumba kimoja chuoni Stanford na Soren Johnson, mbunifu mkuu wa gemu hiyo, na uliimbwa na kundi la wanafunzi wa chuo hichohicho. Mwaka 2011 ulikuwa wimbo wa kwanza wa gemu kupata tuzo ya Grammy. Mama hakujua lolote kati ya hayo. Alichojua ni kwamba yuko jikoni, mvua inanyesha, na chumbani kwa mwanawe inasikika kwaya ikisali.

Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na mama anaishi kama mtu aliyekuwepo kuwapokea. Aliingia akifuta mikono kwenye kanga, akaona dunia ikizunguka kwenye kioo, akasimama, akainamisha kichwa. Nilinyoosha kidole nianze gemu. Akanishika mkono.

"Sala haikatwi katikati."

Basi tukasubiri. Wimbo ukaisha, mama akasema hawa waimbaji ni wageni lakini wanajitahidi, nami nikanyoosha kidole tena. Kabla sijagusa, wimbo ukaanza upya, maana ukibaki kwenye menyu unajirudia. Mama akainamisha kichwa upya. Mara ya tatu aliwaita dada zangu. Mara ya nne alikuja jirani aliyekuwa amejificha mvua barazani, akavua kofia. Mtu akaleta benchi. Nyuma yangu walikuwa saba, wote kimya, na mama akauliza kwa kunong'ona kama hii nayo mtu hulipa mia.

Tulibaki kwenye menyu hadi umeme ulipokatika.