Wananunua Mawe, Mwaitu

Mwaitu, pokea salamu kutoka Iowa, uwagawie wote hapo Mutomo, na zitakazobaki zivuke mto Athi zimfikie Mjomba kule Kibwezi. Barafu imeyeyuka, udongo umelainika, na watu wa huku wametoka na nyundo.

Ujumbe wa sauti wa Susu nimeusikiliza hadi mwisho, pamoja na pale alipodhani amezima simu. Anauliza kama ni kweli mjukuu aliyesomeshwa kwa mbuzi na ndengu alipandishwa ndege ili akanunue mawe. Mwambie ni kweli, na kwamba nilipunguziwa bei.

Kusini-mashariki mwa jimbo hili, kando ya mto Mississippi, kuna mji unaoitwa Keokuk. Kwenye vijito vya maeneo hayo watu huokota mawe ya mviringo, ya kijivu, yenye vinundu, ambayo kwetu tungewarushia nyani wanaovamia mahindi tusiyatazame mara ya pili. Lakini ukilipasua moja unakuta ndani uwazi, na kuta zake zimeota fuwele za kwatzi zinazometameta. Wanayaita majiodi. Mwaka 1967 waheshimiwa wa Iowa waliketi wakalipitisha jiodi kuwa jiwe rasmi la jimbo, na sijasikia kwamba kuna aliyedai posho ya ziada kwa kikao hicho.

Wajuzi wanasema hapa palikuwa bahari ya kina kifupi, miaka milioni 340 hivi iliyopita. Ndani ya matope ya chokaa yakajifunga madonge, katikati yake yakayeyuka, kisha maji yenye silika yakapenya polepole na kuacha fuwele moja baada ya nyingine. Ng'ambo ya mto, upande wa Illinois, pana mahali panapoitwa Niota ambapo baadhi ya majiodi yana mafuta ndani, mafuta yenyewe ya petroli, meusi na yenye harufu. Turkana tulichimba kisima cha Ngamia 1 mwaka 2012 na mpaka leo tunabishana. Hawa wanayapata kwa nyundo, halafu wanalalamika kwamba yamechafua nguo.

Sasa sikiliza biashara ilivyo. Mwenye shamba hachimbi. Wewe ndiye unayekuja na nyundo na patasi yako, unashuka kijitoni, unachimba mpaka mgongo unakataa, unapanda na ndoo yako, halafu unamlipa yeye! Nilimsimulia Mjomba akanyamaza kwa muda, na wewe unajua Mjomba hanyamazi bure. Wanawake wa kwetu wanaogonga kokoto juani kutwa nzima ndio hulipwa, tena kidogo na kwa kuchelewa. Huku mtu anagonga mawe Jumamosi, analipa, na anashukuru kwa siku nzuri.

Mimi lakini sinunui kama wao. Wapenda fuwele hulipima jiwe mkononi: likiwa jepesi kuliko ukubwa wake, lina uwazi mkubwa, na bei inapanda. Lile zito karibu limejaa, kwa hiyo hulisukuma pembeni. Hilo la pembeni ndilo langu, kwa sababu ninasaga matufe. Jiodi lenye ganda jembamba likiingia kwenye mashine huvunjika, lakini zito lina nyama ya kutosha, na ukibahatika ule uwazi mdogo ulio ndani unatokeza ubavuni mwa tufe, dirisha dogo lenye fuwele. Kwa hiyo ninanunua kwa bei ya makapi kile ninachokitaka hasa, na wauzaji wananihurumia. Nawaacha wanihurumie.

Mashine ni ya mzee jirani yangu, fundi wa chuma aliyestaafu. Kwanza jiwe linakatwa kwa msumeno wa almasi liwe mchemraba, kisha pembe zinakatwa, na pembe za pembe, mpaka likaribie kuviringika. Hapo linabanwa katikati ya vikombe vitatu vya chuma vinavyozunguka, kila kimoja kikilivuta upande wake, huku maji yakidondoka. Unaanza na unga mkali wa kusagia, namba 80, unaenda 220, 400, 600, na mwisho ni unga wa oksidi ya siriamu ndio unaoleta mng'aro. Wachongaji wetu wa Wamunyu hawatashangaa. Msasa ni msasa. Ugumu uko kwenye lile dirisha: punje za unga mkali hujificha humo, na ukishafika hatua ya kung'arisha zinatoka kuchora mikwaruzo. Ndiyo maana tunaliziba kwa nta. Na maji hayakosi, kwani vumbi la kwatzi likikauka linaingia mapafuni na halitoki. Hilo wafikishie wagonga kokoto wetu hata kama mengine yote ni mzaha.

Susu atauliza habari za jiwe la Nzambani. Kule mtu akilizunguka jiwe mara saba, wazee wanasema, mwanamume anageuka mwanamke na mwanamke mwanamume. Huku ni jiwe ndilo linalozungushwa, maelfu ya mara, na jinsia ya kila mtu chumbani imebaki ilivyokuwa. Kinachogeuka ni bei.

Balaa lilikuja nilipoliweka tufe la kwanza sebuleni, juu ya kishikizo cha mti kilicho kama ngata. Wakenya wenzangu walikuja kula chapati. Mtu wa Kitui, taa hafifu, tufe linalong'aa: mazungumzo yalikatika. Mmoja akauliza kwa upole kama hiyo ni kamuti, uchawi wa kwetu, au ni mfano tu. Mwingine, ambaye hukemea ushirikina kila Jumapili, alinifuata jikoni kuuliza kama "linaona" mambo ya green card. Nilimweleza habari za kwatzi na bahari ya kale. Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayejua siri haitolewi bure.

Kuhusu gunia la mawe ambalo Mjomba amekwisha kulishona mdomo akidhani nayo ni majiodi: alifungue. Miamba yetu mingi ya Kitui na Makueni ni ya kale mno, ilipikwa na kukandamizwa ardhini. Hata chokaa ya Kitui Kusini ilipitia joto hilo, na uwazi wowote uliokuwamo ulifinywa. Mawe ya Chyulu yana matundu kweli, ila lava ile ni changa na matundu bado matupu. Arudi baada ya miaka milioni kadhaa. Tena Sheria ya Madini ya 2016 inataka leseni kwa anayefanya biashara ya madini, na kwenye mgawo wa mrabaha serikali kuu inachukua asilimia 70, kaunti 20, jamii ya mahali 10. Wajomba hawakutajwa.

Kama ana hamu ya mawe, afadhali anunue mashine kuliko gunia. Jiwe la rangi likiokotwa kwetu, broka hulipima kwa jicho na kuondoka nalo, kama embe la Makueni kabla ya kiwanda cha maembe cha Kalamba. Pesa huanza pale linaposagwa, na pale hatupo.

Tufe moja nalituma kwa mchango wa paa la kanisa. Kamati ilipige mnada baada ya jogoo, si kabla. Watu wakishachangamka kwa jogoo hawahesabu tena. Na Mjomba akiinua mkono, mwenyekiti asimwone. Bado hajalipa jogoo wa mwaka jana.