Chuma kinachosema matobolwa

Milwaukee, mwezi wa kumi

Mwadila wote wa Igoma. Mama shikamoo. Mjomba shikamoo. Vijana wa kijiweni pale njia ya Kishiri, mambo vipi, na hesabu mmepeleka?

Mimi mzima, ila vidole vimeanza kupasuka kwa baridi na kiuno kinauma. Habari ya kiuno inakuja. Mama, usishtuke, sijaanguka. Iliyoanguka ni pikipiki. Mimi niliishikilia tu mpaka tukafika chini wote wawili.

Mnajua tangu mwaka juzi natembelea Honda Rebel, mtumba, niliyouziwa na mama mmoja mstaafu aliyeacha kuiendesha baada ya kuwekewa goti la chuma. Kwa jina ni ya cc 250, kwa kipimo ni 234. Ukiikalia, nyayo zote mbili zinafika chini, hata mimi ambaye urefu wangu mnaujua. Huku wanaiita pikipiki ya wanafunzi. Nilicheka sana, maana Boxer ya Mjomba, inayobeba baba, mama, kuku wanne na gunia la mkaa kutoka Kisesa, imeandikwa 150 na ukiipima hata 145 haifiki. Kwa hesabu za kijiweni nilikuwa nimeshatajirika. Kwa hesabu za hapa bado niko chekechea.

Pikipiki za watu wazima wanaziita kruza. Siti iko chini kama kigoda cha jikoni, miguu imetangulia mbele kama ya mzee anayeota moto, usukani umepinda ukakufuata ulipokaa, na tairi la nyuma ni nene kama la pikapu. Chombo hicho hakikimbizwi, kinatembezwa, kama bwana harusi. Nami nimeangukia mji wenyewe wa kazi hiyo: kina Harley na Davidson walianzia hapahapa mwaka 1903, kwenye kibanda cha mbao nyuma ya nyumba ya kina Davidson. Mwaka ule sisi Mwanza tulikuwa chini ya Wajerumani, na Wajerumani wengine walikuwa wameshaujaza mji huu. Kwetu walituachia jina la Bismarck kwenye mwamba. Huku waliacha bia na soseji. Mnaona wenyewe nani alipunjwa.

Ziwa nalo lipo, linaitwa Michigan, na wenyeji wanalisifia kupita kiasi. Niliwaeleza kwa adabu kwamba lao lina kilomita za mraba 58,000 na la kwetu 68,800. Mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa.

Sasa, chanzo cha balaa ni harusi. Mwezi wa sita kijana mmoja wa Kitanzania alikuwa anaoa Chicago. Kutoka hapa ni kilomita kama 150, tuseme Igoma hadi Bunda. Nikajisemea, naenda na Rebel. Barabara kuu inaruhusu maili 70 kwa saa, yaani kilomita 112, na huku anayekwenda kwa mwendo ulioandikwa kwenye kibao ndiye anayezibia wenzake njia. Rebel ikifika hapo haina kingine cha kukupa. Mafuta nimevuta hadi mkono umeishia, injini inalia kama mbuzi aliyefungwa juu ya basi la Sirari, vioo vinatetemeka mpaka gari moja lililo nyuma naliona matatu. Karibu na Kenosha lori la matairi kumi na nane likanipita. Upepo wake ulinivuta kwanza ubavuni kwake, kisha ukanitema kwenye mstari wa pembeni, na hapo tai yangu ya harusi ikachomoka ndani ya jaketi ikaanza kunichapa usoni. Kilomita nzima nachapwa na tai niliyoinunua kwa hela yangu, na mkono wa kuizuia sina. Nilifika, nikala pilau, nikarudi kwa basi. Pikipiki niliifuata Jumapili iliyofuata, asubuhi, nikaileta kwa njia za mashambani kama mwizi wa ng'ombe.

Ndipo nikaanza kuyatazama madude makubwa.

Yuko mzee mmoja mtaa wa pili, alifanya kazi ya bia maisha yake yote, anauza Harley yake kwa sababu mgongo umemkatalia. Injini ina cc 1,746. Nilipiga hesabu palepale gereji kwake: Boxer kumi na mbili zimeyeyushwa ndani ya chuma kimoja. Silinda ni mbili tu, kila moja Boxer sita. Akaiwasha.

Mama, hapo ndipo nilipoanza kupotea. Silinda zake zimekaa pembe ya nyuzi 45, na pistoni zote mbili zimeshika pini moja, kwa hiyo haziwaki kwa kupokezana sawasawa. Inapiga, inapiga, inanyamaza kidogo kama imesahau kitu, halafu inapiga tena. Wamarekani wanasema mlio huo unatamka "kiazi, kiazi, kiazi" kwa lugha yao. Si utani wa vijiweni tu: mwaka 1994 kampuni iliomba mlio wenyewe usajiliwe kuwa alama yake ya biashara, wenzake wakapinga, ikaja kuondoa ombi mwaka 2000. Mimi nilisimama pale gereji nikasikiliza kwa makini, na naapa haikusema kiazi tu. Ilisema matobolwa, viazi vyetu vya kukausha. Matobolwa, matobolwa, matobolwa, kwa sauti ya mtu mwenye michembe mdomoni na hana haraka. Mtu wa Kanda ya Ziwa ataachaje chombo kinachomtajia chakula cha kwao?

Mzee akasema, zunguka nayo hapa uani. Ina kilo zaidi ya mia tatu, mara mbili ya Rebel. Ikitembea huuhisi huo uzito, na huo ndio ujanja wake, inakudanganya. Nilizunguka mara ya kwanza vizuri. Ya pili nikaongeza kidevu. Ya tatu, niko mwendo wa kukokota, usukani nimeukata kushoto, nikaona changarawe mbele, na mkono wa kulia ukafanya ulichozoea Igoma ukikutana na mbuzi barabarani: ukabana breki ya mbele. Ukibana breki ya mbele huku usukani umekata, kruza haibishani nawe. Inalala. Nilijaribu kuizuia kwa mguu. Mguu wa Msukuma umelima mpunga, umecheza ngoma, lakini kilo mia tatu zikishaamua kulala, mguu unabaki shahidi tu.

Mzee hakukasirika. Ina vyuma vya kinga pembeni, haikuchubuka popote. Alisema kila mtu huiangusha mara moja, kisha akanifundisha kuiinua, na hili nawaandikia vijana wa kijiweni huenda likawafaa. Usiiinue kwa mikono ukiitazama. Zima kwanza, weka gia isije ikaserereka. Igeuzie mgongo, chuchumaa, egemeza makalio kwenye siti. Mkono mmoja ushike mkono wa usukani ulio chini, mwingine ushike chuma cha ubavuni. Halafu sukuma kwa miguu, ukirudi nyuma kwa hatua fupifupi, kama mama anayefungua mlango kwa makalio huku amebeba beseni la vyombo. Ilisimama. Nami nilisimama, ila si wima kama zamani. Hicho ndicho kiuno nilichowaambia.

Mtasema hapo ningeacha. Lakini kuna suala la salamu. Huku waendesha pikipiki wakipishana, husalimiana kwa kuteremsha mkono wa kushoto na kuelekeza vidole viwili chini. Mara ya kwanza nilidhani naambiwa tairi imeisha upepo, nikasimama kandokando nikaikagua nzima. Nilipoelewa, nikaanza kuwasalimu wote, na nikagundua wengine hawaitikii. Wenye Harley wanawasalimu wenye Harley. Wenye za Kijapani wanajidai hawajali. Ni Bagika na Bagalu watupu. Mnakumbuka Bulabo pale Bujora, mwezi wa sita, makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja na mshindi ni aliyevuta watu wengi? Hawa nao ukiwakuta wameegesha nje ya baa, kila upande unapiga resi watu wageuke. Kilichobaki ni kumleta chatu. Nami na Rebel yangu niko katikati ya uwanja, sina kundi.

Na helmeti, Mjomba, hutaamini. Katika jimbo hili wanaolazimishwa na sheria ni walio chini ya miaka 18 na wenye leseni ya kujifunzia. Mtu mzima mwenye leseni yake ni hiari. Wazee wa miaka sabini wanapita upara unameta kama sufuria mpya. Mimi navaa. Mama ana njia zake za kujua.

Na kwa sababu ya Mama, nilikwenda kwenye makumbusho ya Harley, yaliyofunguliwa 2008, nikidhani nikizitazama vizuri nitapata neno la kumshawishi. Ipo ile ya kale kuliko zote wanazozijua, imewekwa ndani ya kioo kama masalia ya mtakatifu. Lakini iliyonishika ni nyingine, imeliwa na kutu mpaka hutambui rangi. Ilikuwa ya Mjapani mmoja. Tsunami ya Machi 2011 iliizoa ikiwa ndani ya kontena, ikaelea mpaka ng'ambo ya bahari, ikaokotwa ufukweni Kanada mwaka uliofuata. Kampuni ilitaka kumtengenezea upya. Akakataa, akaomba iachwe ilivyo, iwe kumbukumbu ya waliokufa. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mtu aliyekulia Igoma, aliyezoea kupita makaburi ya waliozama na meli ya MV Bukoba akienda sokoni, haelezwi kwa nini chombo kinaachwa na kutu yake. Mama, najua tangu 21 Mei 1996 hupendi kitu chochote kizito kinachosimama kwa kuyumba. Nilipokupigia simu jioni ile sikutaja pikipiki. Niliuliza bei ya dagaa.

Mjomba yeye tulizungumza kiume. Nilimtajia bei ya mzee: dola 9,000. Akakaa kimya, nikasikia anamwita mtu alete kikokotoo. "Mpwa, hizo ni Boxer saba na chenji." Ndiyo Mjomba. "Hilo lako linaingiza shilingi ngapi kwa siku?" Haliingizi, Mjomba. "Linabeba abiria?" Mmoja, akipenda. Mshikaki haupo. "Mwezi wa kumi na mbili linafanya kazi?" Hapana, kuna theluji na barabara zinamwagiwa chumvi, linafunikwa turubai mpaka Aprili. Akavuta pumzi. "Kwa hiyo linakula, linalala, linatazamwa."

Hapo nikaona upenyo. Nikamwambia, Mjomba, kwa heshima zote, una ng'ombe arobaini kule Magu. Hulimi nao wote, huuzi, kuchinja mpaka msiba. Jioni unasimama zizini umeshika fimbo, unawatazama, unaridhika. Hiki ni hichohicho, ila chenye eksozi.

Simu ikatulia mpaka nikadhani salio limekatika. Kisha akasema, "Ng'ombe anazaa."

Nimeshindwa kulijibu mpaka leo.

Ila Mjomba hakuniacha hivihivi, alinipa njia. Ninunue kwanza Boxer moja, milioni tatu, akabidhiwe yule kijana wa jirani kwa mkataba. Analeta elfu nane kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka na nusu, kisha chombo kinakuwa chake. Faida itanisaidia kwenye kruza. Nikakokotoa. Zinaingia milioni tatu na laki saba na ushee. Ukitoa mtaji, inabaki kama dola mia tatu. Nikamuuliza yule mzee wa bia, dola mia tatu inafaa nini kwenye Harley? Akafikiri, akasema tairi la nyuma, la kulifunga ulipie mwenyewe.

Kwa hiyo kijana wa watu ale vumbi la Kishiri na matope ya masika miezi kumi na minane, apakie wajawazito usiku na mabati mchana, ili mimi nipate duara moja la mpira, bila kufungwa.

Hela ya Boxer nimeituma Jumanne. Mkataba uandikwe mwaka mmoja tu, Mjomba, nakuomba, na pengo ni langu. Mzee nimemwambia asinisubiri. Kuna rafiki yangu wa Uvira anajua mtu mwenye Honda Shadow ya 750, kruza ya kiasi, nusu ya bei na nyepesi kidogo, na Chicago inafika bila kulia. Tutaitazama Aprili. Rebel nimeijaza tenki isipate kutu ndani, betri nimeichomoa, inalala chumbani kwangu chini ya dirisha, na usiku nikiamka naigusa kuona kama imepoa.

N.B. Ile picha nimekaa juu ya pikipiki jeusi nimevaa miwani, ilipigwa dakika mbili kabla ya zile changarawe. Pikipiki si langu, na miwani ni ya mzee. Aliyeiweka kwenye stetasi na maneno "chuma kipya cha kaka" aifute leo hii, maana tangu juzi nimepokea maombi matano ya mkopo, moja kutoka kwa mwalimu wangu wa darasa la nne, na shikamoo ameniamkia yeye.