Mjomba na Pampu Yake

Gari kuukuu likikorofisha, inua tu boneti, wataalamu watajileta wenyewe. Langu ni la dizeli, la mwaka 1983, la kuvuta magurudumu yote manne, na hapa mtaani kwetu Morogoro limekuwa mali ya umma: anayepita kwenda sokoni husimama, hulitolea maoni, huendelea na safari.

Maradhi yenyewe yalikuwa ya ajabu. Ukikanyaga breki, indiketa ya nyuma kushoto inakonyeza. Ukiwasha indiketa ya kulia, mshale wa geji ya mafuta unacheza nayo, tanki linajaa na kukauka ndani ya sekunde moja. Asubuhi stata inazungusha injini kwa kinyongo, ng'u, ng'u, kisha inasusa. Mlio wa "kwaa" chini ya sakafu kila ukibadili gia siusemei. Huo ni krosi ya propela, na mtaa mzima unakubaliana hivyo, jambo ambalo ndilo linalonitia wasiwasi.

Muuza spea mmoja wa Gerezani alisema kwa simu, gari hajaliona, kwamba ni betri. Fundi wa alternata akasema ni alternata, na kwa bahati njema alikuwa nayo moja ya kuniuzia. Mjomba wangu, dereva mstaafu wa malori, alisikiliza huku amefumba macho, akatoa hukumu: "Pampu hiyo." Kwa Mjomba kila ugonjwa ni pampu. Taa ya ndani iligoma mwaka jana, akasema pampu.

Mwishowe akaja kijana fundi umeme na multimita. Waya mmoja akauweka kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha injini. Akamwomba Mjomba akae kwenye usukani, avute waya wa kuzimia injini ili isiwake, kisha apige stata. Kishikio cha plastiki cha waya ule kilishapotea, umebaki chuma kitupu.

Mita, ambayo ingetakiwa kusoma chini ya nusu volti, ikapita 4. Wakati huohuo Mjomba akaruka nje akipiga kelele, mkono hewani, na dashibodi ikifuka moshi.

Kijana alifurahi mno. Stata, akaeleza, hula mamia ya amperi, na umeme huo ukishatoka kwenye betri sharti urudi. Injini imekalia mipira, haigusani na chesisi. Daraja lao ni mkanda wa nyaya zilizosukwa, waya wa ethi. Wetu ulikuwa umeliwa na kutu ukakatika, na grisi ya miaka ikaufunika. Umeme ukajitafutia uchochoro mwingine: waya wa kuzimia, ukaupasha moto hadi ukamuunguza Mjomba kiganja. Ethi ya taa za nyuma na ile ya tanki nazo zilikuwa kutu tupu, ndiyo maana breki ilirudisha umeme wake kupitia indiketa.

Dawa ikawa msasa, mkanda mpya na boliti chache. Stata ikapiga mara moja, injini ikaitika, indiketa zikatulia. Mtaa ukashangilia, kasoro fundi wa alternata.

Mjomba alikuwa ameketi kibarazani, kiganja kimepakwa dawa ya meno. Akasikiliza injini, macho ameyafumba.

"Haya mpwa wangu," akasema, "na pampu mtaifungua lini?"