Kambi ya Naivasha na Kambi ya Nairobi

Tangazo la nafasi za ofisa mambo ya nje likishatoka, madesa ya mikataba ya amani huzagaa kwenye magrupu ya WhatsApp kuliko salamu za Idi. Msailiwa mmoja wa Dar es Salaam aliyachapisha yote steshenari, akayabandika ukutani mwa geto, kuanzia mlangoni hadi juu ya jiko la gesi.

Balaa lilianzia Arusha. Mkataba wa Rwanda ulisainiwa huko tarehe 4 Agosti 1993. Wa Burundi, huko huko, tarehe 28 Agosti 2000. Wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambao si wa amani ila hupenda kujipenyeza kwenye maswali, Arusha tena, 30 Novemba 1999. Ukisinzia kidogo tu, unamkuta Habyarimana wa Rwanda anasaini amani ya Burundi.

Akahamia Lusaka kupumzisha akili. Kumbe nako kuna miwili: wa Angola, 1994, na wa Kongo, 1999. Tena ule wa Angola una mtego, maana Savimbi, kiongozi wa waasi wa UNITA, hakwenda kusaini. Aliyesaini kwa niaba ya UNITA ni Eugénio Manuvakola. Jina hilo msailiwa alilikariri usiku kwa sauti, hadi mama mwenye nyumba akagonga mlango kuuliza huyo mgeni anaondoka lini, maana bili ya maji inagawanywa kwa vichwa.

Mwenzake wa geto, wakala wa fedha za simu, hakuwa na usaili wowote, lakini habari za Burundi alizifuatilia kama ugomvi wa ukoo. Nyerere kasuluhisha hadi mauti yalipomkuta Oktoba 1999, Mandela akapokea, pande 19 zikaketi, Clinton naye akaja kushuhudia. Na bado CNDD-FDD na FNL, wenye bunduki msituni, hawakuwemo.

"Sasa hapo kapatana nani na nani?" aliuliza, huku akihesabu noti.

Swali hilo ndilo lililomfanya msailiwa atafute kilichofuata: CNDD-FDD walisaini kusitisha vita Novemba 2003, FNL Septemba 2006. Wote Dar es Salaam, mjini kwake mwenyewe, na ukutani hawakuwemo.

Siku ya mchujo hapakuulizwa Arusha wala Lusaka. Liliulizwa moja tu: amani ya Sudan ya 2005 ilisainiwa wapi? Machakos, Naivasha, Nairobi au Khartoum?

Nje ya ukumbi wasailiwa waligawanyika. Kambi ya Naivasha ilishikilia kwamba mazungumzo yalifanyika kule, hata itifaki kadhaa zilisainiwa kule. Kambi ya Nairobi ikajibu: 9 Januari, Uwanja wa Nyayo, hakuna mjadala. Hoja kila mtu alikuwa nazo. Bando hakuna aliyekuwa nalo. Mlinzi wa geti, kachoshwa na kelele, akawaomba wote wahamie chini ya mwembe. Naivasha wakakubali kimsingi. Nairobi wakasema hawasogei hata hatua mpaka upande wa pili utangulie.